Nilivyoshindwa Uchaguzi Nikabaki na Kazi

Siku ya kuniaga, vijana wa ofisi walinipa daftari jipya na kalamu mbili, wakaniomba niwaandikie uzoefu wangu. Nadhani walitegemea nitaandika juu ya utawala bora. Poleni. Utawala bora una vitabu vyake, na semina zake zina chai na maandazi. Mimi nitaandika jinsi nilivyofundishwa kazi ya utendaji wa kijiji na watu ambao hawakunitaka. Vyeo nilivyopata baadaye mtavikuta kwenye faili langu, kama panya wamebakiza kitu.

Niliajiriwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Tukuyu yalikuwa yameanza tena kuwa na sabuni na sukari kwa wakati mmoja, wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kuingia vijijini na magari yao, na kila mwanaume mwenye heshima alikuwa amejipatia koti la mitumba. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Baba yangu, Mzee Sefu, alikuwa fundi cherehani pale mjini. Babu yake ndiye aliyekuja kutoka pwani, akaikuta mvua ya Rungwe, na kwa sababu ambazo hakuwahi kumweleza mtu, akabaki. Kwa hiyo mimi ni kizazi cha nne cha Tukuyu, lakini ukiuliza vijijini utaambiwa sisi ni watu wa kuja.

Barua yangu ya uteuzi ilisema niende kijiji kimoja cha upande wa Kyimo. Jina la kijiji sitalitaja, maana wahusika wengine bado wapo na wana kumbukumbu nzuri kuliko yangu. Mpiga chapa alikuwa na haraka siku hiyo, akaniandika "Bw. Mwanaidi Sefu." Kijiji nacho kikamwandalia Bwana huyo chumba kwenye nyumba ya kapera mmoja. Nilipofika na sanduku langu, nimejifunga mtandio na nimelowa mpaka kwenye mifupa, kapera yule alinitazama, akatazama barua, akanitazama tena, halafu akakimbia kumwita Mwenyekiti.

Mwenyekiti wa Kijiji alikuwa Mzee Anyosisye Mwakatobe, mtu mrefu, mwenye sauti ya kuhubiri na koti zito la kijani. Mgongoni mwa koti kulikuwa na maneno ya Kizungu ambayo yeye aliamini ni ya jeshi. Mwalimu wa shule ya msingi aliwahi kunitafsiria kwa siri: "Msaidizi wa Jikoni." Hakuna aliyethubutu kumwambia.

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mtendaji?"

"Ndiyo, Mzee."

"Nani amekuchagua?"

"Sijachaguliwa. Nimeteuliwa na Halmashauri."

Akawageukia watu waliokuwa wameanza kukusanyika. "Huyo Halmashauri anaishi kitongoji gani?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka pia, kwa sababu sikujua la kufanya na uso wangu.

Aliyeniokoa ni mkewe, Mama Tumpe. Alichukua sanduku langu bila kumwuliza mtu, akanipeleka nyumbani kwake, na nikakaa huko wiki tatu mpaka nilipopata chumba. Siku ya kwanza palipikwa nguruwe kwa ajili ya wageni wa mkutano. Mama Tumpe akaniwekea pembeni ndizi za mbalaga na maharage kwenye sufuria yake mpya. "Hii haijawahi kuguswa na kitu chochote," aliniambia. "Mungu wako na wangu wasije wakagombana jikoni kwangu."

Sasa niwaeleze ninyi mliozaliwa juzi tofauti ilivyokuwa, na ilivyo hata leo. Mwenyekiti anachaguliwa na wanakijiji, ndiye anayeongoza vikao. Mtendaji analetwa na Halmashauri, ndiye katibu wa vikao hivyo, anaandika mihtasari na kutunza kumbukumbu. Jambo kubwa la kijiji lilitaka muhtasari wa mkutano wenye sahihi zetu wote wawili, kama cheti cha ndoa. Na tuliishi hivyo hivyo, mimi na Mzee Mwakatobe, kama wanandoa ambao kila mmoja alilazimishwa na ukoo wake.

Ofisi ilikuwa chumba cha nyuma cha ghala la zamani la ushirika. Harufu ya kahawa ilikuwa imeingia ukutani, ikakataa kutoka hata baada ya ushirika wenyewe kutoka. Vifaa vyangu vya kazi vilikuwa daftari la mihtasari ndani ya mfuko wa nailoni, mwavuli, na mabuti ya mvua. Kama mna bajeti ya kitu kimoja tu, nunueni mabuti. Mtendaji anayeogopa tope huishia kuandika habari za mikutano ya kando ya barabara tu.

Mwalimu wangu alikuwa tarishi, Mzee Ambindwile. Huyu alianza kubeba barua za malafyale, yaani chifu, enzi za mkoloni, akabeba za makatibu wa chama, na sasa alikuwa anabeba zangu. Nilimwuliza siku moja, kati ya aliyezaliwa kwenye uongozi, aliyeletwa na aliyechaguliwa, nani alikuwa afadhali. Alifikiri kwa muda mrefu, nikadhani nitapata hekima.

"Wote walikuwa wanachelewa kwenye mkutano," akasema.

Lakini kazi aliijua. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika alichosema mtu badala ya alichokusudia. Alinifundisha kwamba maombi ya kufungua mkutano yakizidi urefu wa kawaida, ujue ajenda ina jambo. Na alinifundisha kuhesabu watu kabla ya kikao, si baada, kwa sababu baada ya kikao kila aliyekosa atakuambia alikuwepo nyuma ya mgomba.

Jambo lenyewe lilianza nilipotimiza miezi minane. Kijiji kilikuwa na uwanja wa mpira, chini kidogo ya shule. Ninyi mnaijua Rungwe, ardhi tambarare kwetu ni ya kutafuta kwa tochi. Ule uwanja ulikuwa mahali pekee ambapo mpira ulisimama ulipopigwa. Mnunuzi mmoja wa kahawa kutoka Mbeya akauona, akataka kujenga ghala lake pale. Yeye na Mzee Mwakatobe wakakaa mchana mzima mbele ya mbuzi wa kuchoma, wakaelewana. Asubuhi iliyofuata Mwenyekiti alikuja ofisini, akaketi, akanyoosha miguu.

"Mama mtendaji, andika. Mkutano mkuu wa kijiji umekubali kwa kauli moja kutoa uwanja."

"Mkutano upi, Mzee?"

"Ule."

"Upi?"

"Mimi nimechaguliwa mara tatu. Watu walinipa mdomo wao. Nikisema ndiyo, kijiji kimesema ndiyo. Kwa nini tuwasumbue kuja kwenye mvua hii?"

Nakiri kwamba ilikuwa hoja nzuri. Karibu initie mkononi. Mimi hakuna aliyenipa mdomo wake. Nilikuwa na barua yenye makosa ya chapa. Nikafungua daftari, nikaandika kichwa cha habari: Muhtasari wa Mkutano Mkuu wa Kijiji. Chini yake nikaandika: Waliohudhuria.

"Nianze na nani?" nikamwuliza.

Akasimama, akafunga vifungo vyote vya lile koti, kimoja kimoja. "Mwanangu, usisahau kwamba wewe uliletwa tu. Kilicholetwa hurudishwa."

Kesho yake filimbi ikapigwa vitongoji vyote: Jumamosi kuna mkutano mkuu, ajenda ni moja, kijiji kimchague mtendaji wake chenyewe. Mgombea alikuwa Gwamaka, mpwa wa Mwenyekiti, fundi uashi, mtu mzima mwenye watoto watatu. Baadaye aliniapia kwamba yeye mwenyewe alizipata habari hizo kwenye filimbi kama watu wengine.

Nikapanda gari la mizigo mpaka Tukuyu kumwona mkubwa wangu mmoja. Alikuwa mtu mwema, asiyependa kelele. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Tutakuhamishia Lupepo. Mwenyekiti wa kijiji kimoja kule ni mpole sana."

"Na uwanja je?"

"Uwanja gani?"

Hapo nilielewa kitu ambacho sikukipenda. Mwenyekiti alitaka kunirudisha kwa sababu hakunichagua, na walioniteua walitaka kunihamisha kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa njia fupi. Kwa upande wowote, uwanja ungeondoka, na mimi ningekuwa nimesaidia kwa kupanda gari.

Nikaenda dukani kwa baba. Nilijificha nyuma ya kanzu na sare za shule zilizoning'inizwa, nikalia. Baba hakuacha kushona.

"Ulikosea vipimo?" aliuliza.

"Hapana."

"Una hakika?"

"Nina hakika, baba."

"Basi asiyeitaka nguo aje aikatae mbele yako. Usifunge duka kabla hajaijaribu." Akakata uzi kwa meno. "Na ufute kamasi, hiyo kanzu ni ya imamu."

Jumamosi asubuhi mkutano ulifanyika palepale uwanjani, kwenye ukungu na manyunyu. Wenye miavuli walikuwa na miavuli, wengine walijifunika majani ya mgomba. Maombi ya ufunguzi yalikuwa marefu kuliko kawaida. Mzee Ambindwile alinitazama, mimi nikamtazama.

Nikasimama nikaeleza kwamba kwa sheria kura hii ni batili, kwa kuwa mtendaji ni mwajiriwa wa Halmashauri. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akanijibu kwa upole, "Tunajua, mwanangu. Lakini tumeshakuja." Watu wakamshangilia.

Mwenyekiti akaeleza kosa langu. Nilikuwa nachelewesha maendeleo. Alilisema neno hilo mara tano au sita, na kila mara sauti ilipanda. Ndipo Ipyana, nahodha wa timu ya kijiji, akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, naomba kuuliza. Amechelewesha maendeleo gani?"

"Maendeleo kwa ujumla."

"Moja tu. Tutajie moja."

Nilikuwa nimeapa kunyamaza. Nikatoa daftari kwenye mfuko wa nailoni, nikalifungua kwenye ukurasa ule, nikaliinua juu ili walione. Kichwa cha habari, neno "Waliohudhuria," na chini yake karatasi tupu.

"Hili hapa," nikasema. "Huu ndio mkutano ambao mlikubali kwa kauli moja kutoa uwanja kwa mnunuzi wa kahawa. Aliyehudhuria asogee mbele nimwandike jina, maana sikumwona mtu."

Mtu wa nyuma akauliza, "Uwanja upi?"

"Huu mnaoukanyaga."

Sitaandika yote yaliyosemwa baada ya hapo. Mengi yalisemwa kwa Kinyakyusa, kwa haraka, na yalihusu mama za watu. Vijana wa Ipyana walikuwa wamepandisha mikono ya mashati. Na hapo ndipo nilipomvulia kofia Mzee Mwakatobe kama mwanasiasa, kwa sababu aliinua mkono, akasubiri mpaka wakatulia, akasema kwa uchungu mkubwa, "Hata mimi, ndugu zangu, yule mnunuzi nilikuwa na mashaka naye tangu mwanzo." Akaitisha kura papo hapo. Uwanja haukutolewa, kwa kauli moja, safari hii ya kweli, na mimi nikaandika kila kitu mpaka vidole vikafa ganzi.

Nilidhani mambo yameisha na nimeshinda. Nikafunga daftari.

"Sasa," Mwenyekiti akasema, "turudi kwenye ajenda."

Kura ilikuwa ya mistari. Wanaomtaka Gwamaka wasimame nyuma yake upande wa shule, wanaonitaka mimi wasimame nyuma yangu upande wa mto. Kama hujawahi kusimama uwanjani mgongo wako ukisubiri watu, huwezi kujua baridi iliyopo pale. Niliruhusiwa kugeuka, na nilijuta kugeuka. Nilimwona mama niliyemwandikia barua ya hospitali akienda kwa Gwamaka. Nilimwona bibi wa "tumeshakuja" akienda kwa Gwamaka. Hata Ipyana, ambaye uwanja wake ulikuwa umepona nusu saa iliyopita, akanipita akitazama viatu vyake.

Kisha Mama Tumpe akatoka upande wa akina mama. Alivuka uwanja mzima peke yake, taratibu, na mwavuli wake mweusi, akapita mbele ya mumewe, akasimama kwenye mstari wangu. Mzee Mwakatobe alifungua mdomo. Sikuwahi kumwona akiufungua bila kitu kutoka.

"Mke wangu, umekosea mstari," akasema hatimaye.

"Sijakosea. Wewe nilishakuchagua mara moja, kanisani. Ile inatosha."

Mzee Ambindwile alihesabu kwa kumgusa kila mtu bega, upande huu na upande ule, akarudia mara mbili. Nilishindwa kwa watu sita.

Nikayaandika hayo matokeo kwa mkono wangu, kwa mwandiko mzuri, nikatia sahihi. Sijawahi kuandika muhtasari sahihi zaidi. Kisha nikarudi chumbani kwangu, nikavua mabuti, nikakaa kitandani nikiutazama ukuta mpaka mwadhini wa kichwani mwangu aliponikumbusha kwamba adhuhuri imepita.

Jumatatu Gwamaka alikuja ofisini kuanza kazi. Alijifuta tope mlangoni, akaketi kwenye kiti changu kwa adabu. Nilimwonyesha daftari la wakazi, daftari la vizazi na vifo, mafaili ya migogoro ya mipaka, na barua tano za Halmashauri zinazotaka majibu jana. Nikampa kalamu. Ilipofika saa tano akaiweka mezani.

"Dada, kumbe kazi yenyewe ni kuandika?"

"Ndiyo."

"Kila siku?"

"Hata Jumapili, mipaka ikigombaniwa."

Akanishukuru, akaenda kumalizia ukuta wa mtu. Wiki iliyofuata ikaja barua kutoka kwa mkubwa wangu kwamba kura ile haitambuliki na niendelee na kazi. Habari za Lupepo hazikutajwa tena; nilisikia nafasi ile ameshapewa mtu mwingine. Hivyo ndivyo nilivyoshindwa uchaguzi nikabaki kwenye kiti, nikiwahudumia watu ambao kila mmoja nilijua alisimama wapi.

Nilimwuliza Mzee Ambindwile kwa nini. Nimewaokolea uwanja, mchana kweupe, halafu wananikataa.

"Hawakukukataa," alisema. "Wewe umekuja na barua. Barua hawawezi kuichana. Basi walitaka ujue kwamba wangeweza, kama ingekuwa mikononi mwao. Sasa wamekuonyesha, wamefurahi. Kesho watakuja na shida zao."

Wakaja kweli. Mama wa barua ya hospitali alikuwa wa kwanza, na alileta maparachichi. Nami niliyala, lakini mstari wake sikuusahau.

Nilikaa pale miaka mingine mingi. Mimi na Mzee Mwakatobe hatukupatana, ila tulizoeana. Aliacha kuniambia "andika," akaanza kuniuliza "umeandikaje?" Ninyi vijana mnapenda kubishana kipi bora, mtendaji naye achaguliwe au aendelee kuteuliwa. Nimewasikia kwenye semina. Mimi najua hili tu: siku ile ya daftari, kama ningekuwa nategemea mdomo wa Mwenyekiti ningeandika alichotaka. Na kama kijiji kisingekuwa na mazoea ya kuitwa uwanjani na kusikilizwa, ukurasa wangu mtupu usingesomwa na mtu yeyote. Zaidi ya hapo msiniulize, nimestaafu.

Uchaguzi uliofuata ulikuwa tofauti. Vyama vilikuwa vingi, bendera zilikuwa kwenye kila mti ulionyooka, na watu walipiga kura kwa karatasi, kwa siri. Mimi nilikuwa msimamizi. Ipyana aligombea, akamshinda Mzee Mwakatobe vibaya sana. Nilitangaza matokeo kwa sauti ya kiserikali. Moyoni, nisiwafiche, nilikuwa nacheza ngoma.

Kesho yake asubuhi Mzee Mwakatobe alikuja ofisini kukabidhi. Nilijiandaa kwa hotuba. Alikabidhi funguo mbili, faili moja na filimbi, akatia sahihi kila nilipomwonyesha. Lakini hakuondoka. Alikaa akitazama nje, mlangoni, ambako njia ya kwenda kwake inapita katikati ya maduka.

"Juba," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo; kwa Kinyakyusa ni jina la heshima la kumwitia mama. "Wewe watu wakikuchoka unapewa barua, unahamishiwa Lupepo. Mimi wananihamishia wapi?"

Nilikuwa nimeisubiri siku ile kwa miaka. Nilikuwa hata na maneno niliyoyaandaa. Niliyaacha. Kila jirani yake, kila aliyekuwa anauza chumvi pale nje, alikuwa amemkataa jana, na yeye ilimpasa apite mbele yao sasa hivi, kwa miguu, arudi nyumbani.

Nikavaa mabuti yangu. "Twende, Mzee. Nina jambo la kuzungumza na Mama Tumpe."

Sikuwa na jambo lolote. Tukatembea. Watu wa kwenye maduka walipunguza sauti tulipokaribia. Mwanamke mmoja aliyekuwa akichambua maharage kwenye ungo aliinua kichwa, akamwamkia kama baba, kwa heshima ileile ya siku zote, "Mwagonile, tata." Mzee akamwitikia. Mabega yakapanda kidogo, na mwendo wake wa zamani ukarudi. Tulipompita, akaniinamia sikioni.

"Yule," akaninong'oneza, "siku ile ya mistari alisimama kwako."

"Hapana, Mzee," nikamwambia. "Alisimama upande wako. Ninawakumbuka wote."

Akacheka mpaka akashika ukuta wa duka.